Nusu Tangi

Siku tuliyomzika Bi Mwanaidi, mama mkwe wangu, niliusikia mlio wa lile gari kabla sijaliona. Nilikuwa nimekaa uani na wanawake wenzangu, mikono yangu bado inanukia kafuri, na jirani mmoja alikuwa ananilazimisha ninywe chai ya tangawizi nisiyoitaka. Nje magari ya waombolezaji yalikuwa yanafika moja moja, yote ya dizeli, yanagonga kama watu wanaotwanga mahindi. Kisha likaja moja lisilogonga. Lilikuja na ngurumo ya chini, nzito, iliyotulia, likasimama mbele ya nyumba, likazimwa. Niliweka kikombe chini. Miaka ishirini na kitu imepita na nimesahau mengi, hata sura ya mume wangu Hamidu siku hizi hainijii sawasawa mpaka nishike picha, lakini mlio ule sijawahi kuusahau, na sikutegemea kuusikia siku hiyo.

Lilikuwa limeleta ndugu wa marehemu kutoka Goweko. Wanaume walipoondoka na jeneza kwenda makaburini na mtaa ukabaki mtupu, nilitoka nikalisogelea. Zamani lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya vumbi na kutu, na viti vyake vimeshonewa turubai. Mlango wa kushoto, ambao ndio wa dereva, haukuwa wake. Ulikuwa wa gari jingine, wa buluu, na hakuna aliyejisumbua kuupaka rangi. Niliweka kiganja juu ya boneti, nikakuta bado lina moto. Mwenye gari wa sasa, mkulima wa tumbaku mwenye adabu zake, aliporudi kutoka kuzika alinikuta pale pale. Akanipa shikamoo na pole, halafu, kwa kuwa aliniona nimelikazia macho, akaanza kulisifu. Alisema gari ni la zamani lakini injini yake haijafunguliwa hata mara moja, na kwamba huyo aliyelianza, popote alipo, alilianza vizuri. Nilimwambia ni kweli. Sikuwa na nguvu ya kumwambia alipo.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala niliolewaje, hayo kila mtu anayo. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, mwaka wa ukame, ulioanza Hamidu akileta gari nyumbani ukaisha mimi nikiwa ndani ya eda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulikaa nyumba ya mama yake mjini Tabora, kule Ng'ambo, chumba cha kwanza kushoto ukiingia ukumbini, chenye kuta nene za udongo na dirisha dogo la mbao lililotazama barazani. Kwa dirisha lile nilikuwa nasikia kila neno la wanaume waliokaa nje jioni, nao walijua kwamba nasikia, kwa hiyo nusu ya maneno yao yalikuwa yangu. Gari lilipofika walikaa siku nzima kulijadili. Lilikuwa pikapu kubwa mno, jipya la kiwandani, viti vingali na nailoni. Wageni fulani waliokuja kutafuta madini maporini ndio waliokuwa wameliagiza, likafika bandarini wenyewe wakiwa wameshafunga virago, na Hamidu akauza kiwanja alichorithi akalichukua. Barazani wakasema Hamidu ameoa mke wa pili, tena mlafi, maana gari la petroli la ukubwa ule litakunywa kuliko ukoo mzima. Wakasema na usukani umekaa kwa abiria. Mmoja aliyewahi kuendesha trekta miezi miwili alieleza kwa sauti kubwa jinsi injini za petroli zinavyokufa mapema, mpaka Bi Mwanaidi akamjibu kutoka ndani, bila kutoka, kwamba debe shinda, lile lisilojaa, haliachi kutika. Wote wakacheka. Ndiyo methali aliyokuwa akiwanyamazishia wasemaji, na alikuwa nayo ulimini kila siku.

Shida ya mwaka ule ilikuwa maji. Mjini mabomba yalikuwa yanakohoa hewa tu, na kisima cha mtaani kwetu kilipangiwa ndoo tangu alfajiri, kila ndoo na jiwe lake ndani isipeperuke, wenyewe wakiwa wamekwenda kutafuta mengine. Tulioga kwa kikombe. Nia ya Hamidu ilikuwa kuvuta tela la tangi kutoka bwawani hadi mjini, kuuzia nyumba na hoteli, na zahanati moja iliyokuwa imemwomba mapema. Lakini kitabu cha gari kilisema kwa maili elfu za mwanzo lisivute kitu chochote, na Hamidu alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Akiandikiwa kumeza dawa baada ya kula, hakuimeza mpaka ashibe. Kitabu alikisoma pamoja na Baba Shiraz, Mhindi aliyekuwa na duka la vipuri sokoni, mzee mwenye mvi na subira. Walikaa stoo nyuma ya duka kati ya makatoni ya oili, sahani ya chevda ya kutafuna katikati yao, Baba Shiraz akisoma Kiingereza na kukigeuza Kiswahili taratibu kana kwamba anatoa hukumu ya mirathi. Nilikuwa naenda kumpelekea Hamidu chakula cha mchana, nakaa kidogo kusikiliza. Injini mpya, mzee alikuwa akisema, ni chuma kinachojifunza kukaa na chuma kingine. Usiikimbize, lakini pia usiipeleke mwendo mmoja safari nzima. Panda, shuka, ipumzishe. Usikanyage breki kwa hasira. Nati za magurudumu zirudie kuzikaza, maana zikiwa mpya hulegea. Na oili ya kwanza imwage mapema, kwa sababu ndiyo inayobeba vumbi la vyuma. Hamidu alikuwa anaitikia kila sentensi kwa kichwa, mdomo umejaa wali wangu.

Kwa hiyo kwa miezi miwili na zaidi, wakati mji mzima una kiu, sisi tulikuwa tunalitembeza gari tupu. Tulikwenda Urambo tukarudi, Sikonge tukarudi, Kaliua tukarudi, hatukubeba kitu ila mimi. Kazi yangu ilikuwa macho. Usukani ulikuwa kushoto, na barabara zetu tunapita kushoto, basi dereva alikuwa amekaa upande wa majani na hakuona mbele ya lori lililomtangulia. Mimi niliyekaa kulia ndiye niliyeona. Nilikuwa nasema "bado," nasema "bado," halafu nasema "njia," naye anapita bila kuuliza mara ya pili. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini hivyo tangu siku zile. Kaliua tulikula kwa mama mmoja karibu na stesheni, samaki wa migebuka walioshuka na treni ya Kigoma, ugali mgumu wa muhogo, na kisamvu cha karanga. Hamidu alinawa, akala vipande viwili, akatoka kwenda kushika magurudumu kuona kama lipo lililopata joto kuliko mengine, akarudi, akanawa tena. Mwenye hoteli aliniuliza kama mume wangu ameweka mtoto nje. Njiani nilikuwa natafuna matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kumlisha, kwa sababu hakutaka kuondoa mkono. Watu wa mtaani walisema gari linatembezwa kama bibi harusi na wao wanaoga kwa kikombe, na ilikuwa haki yao kusema. Ukiniuliza nilikuwa na furaha, nitakujibu ndiyo, na furaha yenyewe ndiyo inayonichoma zaidi nikikaa peke yangu, maana tuliitumia yote kwa ajili ya injini. Tulisikiliza injini mchana, tukaiongelea usiku. Hakuna siku tuliyokaa tukazungumza juu ya tangi.

Tangi lilitengenezwa na Masanja, fundi wa kuchomea aliyekuja mjini kutoka Choma, kule Igunga, mtu mpole asiyemaliza sentensi. Alilikata na kuliunga uani kwetu chini ya mpera, cheche zikiruka hadi kwenye kanga zilizoanikwa. Kabla hajalifunga, Masanja aliuliza kama aweke mabamba ndani, ya kuligawa vyumba vyumba vyenye matundu. Hamidu akamwuliza ya nini. Masanja akasema ameyaona kwenye matangi ya mafuta, labda ni ya kuimarisha bati, hana hakika. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Alinyanyuka akaenda akaingiza kichwa kwenye tundu la tangi, akatazama ndani. Ukame ulikuwa umeleta wachuuzi wengi wa maji, na maji yao yalikuwa yananuka tope na dizeli. Watoto wawili wa mtaani walikuwa wameugua matumbo, mmoja hakupona. Alisema mabamba yatashika tope kwenye pembe, na hakuna mkono utakaofika kulisugua.

"Fundi, nifanyie liwe kama sufuria," akasema. "Nataka mtu aingie alioshe mpaka ajione uso. Mtoto wa mwenzangu akinywa maji ya nyumba hii asiumwe."

Masanja akaona ni kweli, Hamidu akaona ni kweli, na mimi niliyekuwa nasonga uji nikaona ni kweli. Badala ya mabamba fundi akalizungushia vyuma kwa nje kama pipa. Lilikuwa zuri. Kila wiki kijana wa jirani aliingia kulisugua kwa mchanga na majivu, na Bi Mwanaidi alinusa maji kabla hayajatoka uani. Zahanati wakasema hawajapata kupokea maji safi vile.

Gari lilipotimiza maili zake Hamidu akafunga tela kwa mara ya kwanza, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Yale yote aliyofundishwa stoo kwa Baba Shiraz aliyafanya kila siku bila kuchoka. Alipaka grisi mahali tela linaposhikana na gari, akapitisha minyororo miwili kwa mkingamo chini yake, akanusa oili ya giaboksi kama imeungua, akakung'uta chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu, akakaza nati kabla ya safari na baada yake. Kwenye miteremko alishusha gia ili injini ishike gari, asiegemee breki. Tangi likijaa pomoni gari lilikwenda zito na tulivu, na mimi nilikuwa nasinzia.

Lakini maji hayanyimwi mtu. Nikiyaandika maneno haya leo najua msomaji wa mjini anaweza kuyaona kama pambo, basi nieleze. Mkwe wangu alikuwa akisema wazee wetu walikuwa wapagazi, waliokwenda pwani na kurudi na mizigo mabegani kwa njia ile ile tunayopita na magari, na kwamba mpagazi akifika mlangoni pako huomba maji kabla hajataja jina lake, nawe humpa kabla hujamwuliza. Aliyenyima maji nyumba yake iliwekwa alama, na misafara ikaacha kupita hapo. Sisi tumelelewa hivyo. Anayeomba chakula unaweza kumwambia hakijaiva. Anayeomba maji huna la kumwambia. Wachuuzi wengine wa maji walikuwa na njia yao ya kukwepa. Walikaa kulia, upande wa katikati ya barabara, vioo wamefunga, na watu waliosimama majanini na madumu yao walibaki wakipunga mikono upande ambao dereva hayupo. Hamidu alikaa kushoto. Kila mwanamke aliyesimama pembeni ya barabara alikuwa anamtazama machoni, hatua mbili kutoka kwenye dirisha lake. Akisikia salamu yao, "mwangaluka, baba," gari lilikuwa limeshasimama.

Nililalamika. Nilimwambia tutafika mjini na tangi la kunawia. Jioni moja nilimshtaki kwa mama yake, tukiwa tumezunguka sinia la wali na maharage ya nazi, nikasema mwanao anagawa maji kama tende za futari. Bi Mwanaidi alimega tonge akalitazama kwanza.

"Mwache agawe, mwanangu," akasema. "Yaliyobaki ndiyo yetu."

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mbingu nyeupe na joto la kukausha mate. Tulijaza bwawani asubuhi. Njiani watu walikuwa wengi kuliko siku zote, kwa sababu kisima cha kijiji kimoja kilikuwa kimekauka juzi yake. Tulisimama, tukasimama tena. Mimi nilishuka kushika mpira, naye akafungua koki. Mara ya mwisho tuliwakuta wanawake wengi na mzee mmoja mwenye dumu la njano lililozibwa kwa gunzi la mahindi. Hamidu aliwapa wote. Alipogonga ubavu wa tangi kwa ngumi kusikiliza yalipofikia, alinitazama kwa aibu kama mtoto, akasema tumebakiwa na nusu. Nilipanda garini. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa nimenuna mpaka mwisho.

Tulipoondoka nilihisi gari linavutwa nyuma kisha linasukumwa, linavutwa kisha linasukumwa, kama mtu ameshika ncha ya kanga yako anakuchezea. Hamidu alikunja uso akasema leo barabara ni mbovu. Alisema atatazama nati tukifika. Mbele yetu kulikuwa na mteremko unaoshuka korongoni, penye daraja jembamba la mawe. Alishusha gia kama kawaida. Injini ikashika gari, ikalishika vizuri, kama kitabu kilivyosema. Tulikuwa tumefika karibu chini ng'ombe walipojitokeza kutoka korongoni wakajaa darajani, na mchungaji wao yuko nyuma. Hamidu alikanyaga breki, na si kwa hasira. Gari lilitii. Halafu maji yakaja. Nimetafuta neno jingine kwa miaka yote hii na sina. Nilisikia ndani ya tangi kishindo kimoja, na kitu kikubwa kikatusukuma kutoka nyuma, tela likakataa kufuata, likajikunja, likazunguka upande wa kushoto likabamiza tangi kwenye mlango wa dereva na gari kwenye mawe ya daraja. Mimi niliyekaa kulia nilivunjika mfupa wa bega. Mwenzangu alikuwa amekaa kushoto.

Kilichofuata nakikumbuka kwa sauti. Maji yalikuwa yanamwagika korongoni, mengi, safi, na ng'ombe wakaja kuyanywa. Na injini ilikuwa ingali inanguruma. Haikutetereka, haikukohoa, ilikuwa inazunguka taratibu kama siku ile ya Kaliua. Nilimwita Hamidu mara nyingi. Kisha nilinyoosha mkono uliokuwa mzima juu ya magoti yake, nikageuza ufunguo, nikaizima.

Nyumbani hapakuwa na maji ya kumwoshea. Hilo watu hawaliamini nikiwaambia. Nyumba ya mchuuzi wa maji ilikuwa na ndoo moja na mtungi wa kunywea, kwa sababu tulikuwa tunayategemea yale yaliyokuwa njiani. Mimi nilikuwa nimelazwa chumbani kwetu na bega limefungwa, na kupitia dirisha lile lile nikasikia wanaume barazani, wale wale wa maneno mengi, wakiulizana kwa sauti za chini maji yapatikane wapi. Alasiri wakaja watu kutoka kule barabarani. Walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, madumu yamefungwa nyuma. Mzee mwenye dumu la njano lenye gunzi alisimama kizingitini akasema kwa Kiswahili chake cha kijijini, "Mama, haya ni ya kwake. Hatujayanywa."

Sitadanganya. Nilitamani kuamka niyamwage. Nilitamani kuwauliza kwa nini walikuwa na kiu siku hiyo na si siku nyingine, kwa nini hawakuyaacha tangini yalikokuwa. Bi Mwanaidi alitoka akayapokea, dumu moja moja, akiwashukuru kwa majina ya ukoo wao, na ndiyo maji aliyooshwa nayo mwanawe. Ni maji aliyoyavuta mwenyewe asubuhi ile. Nilizisikia kata zikigonga ndoo uani mpaka yakaisha.

Niliingia eda katika chumba kile, na eda ilipokwisha sikutoka. Gari lilinyooshwa, likawekewa mlango wa buluu, likauzwa. Nilikaa na mama mkwe wangu, nikapika vitumbua na kuviuza karibu na stesheni kila asubuhi, na maisha yakaendelea kwa sababu hayana adabu. Ni pale stesheni, miaka michache baadaye, nilipomsikia dereva wa lori la mafuta akimsimulia mwenzake huku anakula vitumbua vyangu. Hakuwa anaongea nami. Alisema tangi lililojaa limetulia, na tupu halina kitu, nusu ndilo linaloua, hasa lisipokuwa na mabamba ndani, maana ukishika breki maji yote yanakimbilia mbele kwa pamoja. Alilisema kama jambo la kawaida, jambo linalojulikana, akaomba sukari zaidi kwenye chai. Nilikusanya vyombo nikarudi nyumbani kabla ya kumaliza kuuza. Nilimkuta Bi Mwanaidi uani anafagia chini ya mpera, akaniuliza mbona mapema, nikamwambia kichwa kinaniuma. Niliapa hatalijua kwangu. Alikuwa ameomba tangi safi, basi. Kumwambia kungekuwa kumwua mtu ambaye tayari alikuwa hali vizuri wala halali.

Nikalibeba peke yangu, na likanichosha. Watu walisema mimi Zuhura nimekuwa na ulimi mkali, na ni kweli, mtu akifunga jambo moja mdomoni hayo mengine hutoka yamechacha. Naye Bi Mwanaidi akawa na vituko vyake. Hakutaka kuona ndoo iliyojaa nusu ndani ya ua. Akiiona alikuwa anasema, "Jaza au mwaga," kwa ukali usio wake, hata siku za shida, hata kwa mtoto wa jirani aliyetumwa kuazima maji kidogo. Ile methali yake ya debe shinda aliiacha kabisa. Sikuisikia tena kinywani mwake. Nilidhani ni uzee. Niligombana naye mara nyingi kwa hilo, nikimwambia Mama, maji yenyewe ya kununua, sasa unataka niyamwage?

Sasa maji yamefika Tabora, yanakuja kwa bomba kutoka ziwani, na koki iko uani kwetu hatua chache kutoka chini ya mpera ule. Ukifungua yanatoka. Sijaweza kuyafurahia. Wiki ya mwisho ya ugonjwa wake Bi Mwanaidi alikuwa haoni vizuri, na mchana mmoja nilimpelekea maji kwenye kikombe, kidogo, ili asipaliwe. Alikipima kwa mkono, akasikia yanavyocheza ndani, akakirudisha.

"Nijazie."

Nikamwambia, "Mama, hutayamaliza."

Alifumba macho hata nikadhani amelala. Kisha akaniita kwa jina langu, jambo asilolifanya sana.

"Zuhura, mimi na wewe tumebeba ndoo vichwani tangu tukiwa watoto. Tukitoka mtoni ndoo haikujaa, tunafanyaje?"

Nilijibu kama mtoto anayeulizwa darasani. Nikasema tunakata majani tunaweka juu, maji yasichezecheze.

"Yale mabamba ya Masanja yalikuwa majani ya tangi," akasema. "Nimelijua hilo tangu siku ya arobaini. Nilikuwa nabeba ndoo kutoka kisimani, nikasimama njiani, nikalijua. Nikasema wewe usilijue, utanichukia."

Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba nami nilikuwa nalijua, na kwamba nilinyamaza kwa ajili yake kama alivyonyamaza kwa ajili yangu, na kwamba tumekaa nyumba moja miaka yote hii kila mtu amelikumbatia peke yake upande wake wa ukuta. Sikuweza. Nililia tu, naye akawa ananipapasa mgongoni, yeye mgonjwa akimbembeleza mzima. Nilikwenda nikajaza kikombe mpaka ukingoni. Hakuyanywa. Alifariki asubuhi ya siku ya pili yake, mkono wake bado umenielekea.

Wanawake walipokuja kumwosha mimi ndiye niliyekwenda kuchota. Nilifungua koki nikaacha ndoo ifike nusu, nikafunga. Nikanyoosha mkono kwenye mpera, nikavunja kijitawi chenye majani mabichi, nikakilaza juu ya maji. Nikajitwisha, nikavuka ua, nikapanda ngazi mbili za ukumbini, nikaingia chumbani kwake. Walioyaona majani walidhani nimekosea, nimechukua mpera badala ya mkunazi wa kuoshea maiti, na mmoja akaniambia kwa upole kwamba mkunazi upo tayari. Nilikuwa naitazama ndoo. Halikuwa limemwagika hata tone.